Kompyuta Ikigoma Kuamka: Mafundi wa Eastlands na Amana za Wenyewe

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, tangu Pumwani na Shauri Moyo hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, iko kazi moja ambayo haikuwako mitaa hiyo ilipojengwa, nayo leo ina mafundi wake, lugha yake na ugomvi wake. Ni kazi ya kuiamsha kompyuta iliyolala ikakataa kuamka.

Mambo yenyewe aghalabu huwa hivi. Mtu amaliza shughuli zake usiku na kuifunga kompyuta. Kabla ya kuzimika, mtambo wamwandikia kwamba unaingiza marekebisho mapya, na wamwomba asiuzime. Naye alala. Asubuhi abonyeza kitufe. Taa yawaka, nembo ya kiwanda yatokea, duara la vitone lazunguka na kuzunguka, kisha kioo chageuka buluu au cheusi. Mtambo wajizima, wajiwasha, na kurudia yale yale. Ndani yake mna barua za kazi, hesabu za duka, tasnifu ya mwanafunzi aliyebakiwa na siku chache, na picha za arusi za jamaa.

Hapo ndipo mwenye kompyuta huichukua chini ya kwapa na kutafuta kibanda cha fundi. Na hapo ndipo hatari kubwa kuliko ile ya kwanza inapoanza. Maana fundi asiye na subira ana dawa moja kwa maradhi yote: diski ifutwe yote, na Windows iwekwe upya. Katika lugha ya vibandani, kazi hiyo huitwa kufomati. Baada ya saa mbili kompyuta yawaka vizuri kama mpya, nayo ni mpya kweli, kwa kuwa kila kilichokuwamo kimekwenda.

Ndugu msomaji, yafaa ifahamike mapema: kompyuta inayogoma kuwaka baada ya sasisho ni nadra kuwa imekufa, na mafaili yaliyomo ni nadra kuwa yamepotea. Aghalabu sasisho hugusa programu za mtambo, halifuti nyaraka za mwenyewe. Kinachozifuta ni haraka ya mkono wa binadamu. Kwa hiyo fundi mwema hajulikani kwa wepesi wa kuwasha mtambo. Hujulikana kwa namna anavyoilinda amana iliyomo kabla hajaugusa.

MITAA YA MIKONO HODARI

Eastlands si mahali pageni kwa watu wa mwambao. Pumwani, ambayo wengi huijua kwa jina la Majengo, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na miongoni mwa waliojenga nyumba zake walikuwa Waislamu wengi, wa Pwani na wa bara waliosilimu. Mwaka 1939 serikali ya kikoloni ilipokivunja kijiji cha Pangani, watu wake walihamishiwa Shauri Moyo. Kiswahili, biriani na vyuo vya Kurani vilikita mizizi huko zamani, kabla Buruburu na Dandora hazijajengwa katika miaka ya 1970.

Mitaa hiyo ina sifa nyingine: chombo hakitupwi. Pale Kamukunji, jirani na Gikomba, mapipa hugeuzwa masufuria na majiko, na matairi hugeuzwa makubadhi. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwaeleza walimwengu kwamba kazi za namna hiyo si uvivu wala uzururaji, bali ni sehemu ya uchumi. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, nao waliokuwa wakichomwa na jua wakaanza kujengewa mabanda. Jina la jua kali likawa la heshima.

Fundi wa kompyuta wa leo ni mtoto wa ukoo huo. Ana meza, taa, bisibisi ndogo ndogo, na kopo lililojaa skrubu. Kompyuta anazoletewa nyingi zilikwisha kutumika Ulaya, na wauzaji huziita Ex-UK. Nyingi zimepitia bandari ya Mombasa. Hata hayo masasisho yanayozigomesha yamepita Mombasa, maana nyaya za baharini za TEAMS, inayotoka Fujairah, na SEACOM zilitia nanga huko mwaka 2009, ndipo intaneti ya kasi ikapanda bara hadi Kayole. Kwa hivyo asidhani msomaji wa Kisauni au Lamu kwamba habari hizi ni za Wanairobi peke yao. Mtambo ni ule ule na maradhi ni yale yale.

KUAMKA KWA MTAMBO NI SAFARI

Asiyejua jinsi kompyuta inavyoamka hawezi kujua ilipokwama. Na tuifananishe na jahazi linalojitayarisha kutweka.

Ukibonyeza kitufe, wa kwanza kuamka ni programu ndogo iliyochomwa katika chipu kwenye ubao mama. Huyo ni kama serahangi: hukagua kama vyombo vyote vimo, kumbukumbu, kibodi, kioo na diski. Akiridhika, huitafuta diski na kumwita nahodha, yaani programu ya kuamshia iliyokaa mwanzoni mwa diski. Nahodha huinua kiini cha Windows. Kiini nacho huwaita mabaharia, ambao ni draiva, kila mmoja na kazi yake: huyu wa sauti, yule wa kioo, mwingine wa diski. Mwisho ndipo mwenyewe hukaribishwa kwa kuulizwa neno la siri.

Mahali jahazi lilipokwama ndipo penye ugonjwa. Ikiwa hakuna hata taa, ugonjwa ni wa umeme, waya au betri, na sasisho lasingiziwa bure. Ikiwa taa yawaka lakini kioo ni cheusi tangu mwanzo, shuku kumbukumbu au ubao mama. Ikiwa nembo ya kiwanda yatokea kisha mtambo waandika kwamba hauoni diski ya kuwashia, basi serahangi hamwoni nahodha: ama diski imekufa, ama mipangilio imebadilika. Ikiwa duara lazunguka kisha kioo chawa buluu, nahodha yupo ila baharia mmoja ameanguka. Hapo ndipo sasisho linaposhukiwa kwa haki.

Fundi mzuri huuliza maswali hayo kabla ya kushika bisibisi. Na mwenye kompyuta humsaidia sana akieleza kwa usahihi alichokiona, au akipiga picha ya kioo kwa simu. Maneno na tarakimu za kwenye kioo cha buluu zina maana yake, na humwelekeza fundi kwenye ugonjwa wenyewe.

KWA NINI DAWA HUGEUKA SUMU

Sasisho ni dawa. Huziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni huyapitia, na kuondoa kasoro za programu. Asemaye kwamba afadhali masasisho yazimwe kabisa ni sawa na aachaye mlango wazi kwa kuogopa kitasa kibovu. Lakini dawa hunyweka vibaya kwa sababu zinazojulikana.

Ya kwanza ni stima. Kompyuta nyingi zilizokwisha kutumika zina betri iliyochoka, na haziwezi kukaa hata dakika moja bila waya. Umeme ukikatika au tokeni zikiisha katikati ya sasisho, kazi hukatika nusu. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulizimika karibu Kenya nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Katika nyumba ya mtu wa kawaida haihitajiki giza la nchi nzima. Fyuzi moja ya mtaa yatosha. Windows imeundwa ijaribu kurudi nyuma kazi ikikatika, na mara nyingi hufaulu. Ila sasisho la ile programu ndogo ya kwenye ubao mama halina huruma hiyo. Likikatwa katikati, mtambo waweza usionyeshe kitu tena kabisa, na tiba yake ni fundi mwenye chombo cha kuiandikia chipu upya.

Ya pili ni diski iliyojaa au iliyochakaa. Sasisho lahitaji nafasi ya kufungua mizigo yake, na diski ikijaa pomoni, mizigo hukosa pa kuwekwa. Diski kuukuu nayo yaweza kufanya kazi za kila siku kwa miaka huku imeoza sehemu moja. Sasisho, kwa kuandika mafaili mengi kwa pamoja, huigusa sehemu hiyo. Watu husema sasisho limeua diski, ilhali diski ilikuwa mgonjwa wa siku nyingi.

Ya tatu ni kijibetri cha duara kama sarafu kilichomo kwenye ubao mama, ambacho hutunza saa na mipangilio. Katika kompyuta za miaka kumi na zaidi, aghalabu kimekwisha. Siku kompyuta ikizimwa na kuchomolewa, mipangilio husahauliwa, na mtambo huanza kuitafuta diski kwa njia isiyo yake. Dalili ni saa iliyorudi nyuma miaka mingi. Ni betri ya bei ndogo. Mtu aweza kufutiwa diski nzima kwa ajili yake.

Ya nne ni kasoro ya sasisho lenyewe, na hii haikwepeki hata kwa wakubwa wa dunia.

IJUMAA ILIYOTIKISA ULIMWENGU

Siku ya Ijumaa, Julai 19, 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma faili dogo la sasisho kwa programu yake ya ulinzi. Lilikuwa na kosa. Kila kompyuta ya Windows iliyolipokea ilianguka, ikajiwasha, ikaanguka tena. Ilipofika saa mbili na dakika 27, kampuni ilikuwa imelirudisha faili hilo, lakini maji yalikwisha kumwagika. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Mashirika ya ndege, mabenki na hospitali yalisimama. Shirika la Delta la Marekani peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku zilizofuata.

Sasa tazama tiba ilivyokuwa. Hapakuwa na haja ya kufomati hata kompyuta moja. Ilitakiwa mtu aketi mbele ya kila mtambo, auingize katika hali ya usalama, ambamo Windows huamka na mabaharia wachache tu, alitafute lile faili moja, na alifute. Kisha auwashe upya. Kazi ilikuwa nyepesi. Uzito wake ulikuwa wingi wa mitambo, na kwamba kompyuta iliyoanguka haiwezi kutibiwa kwa mbali.

Kompyuta za nyumbani hazikuguswa, kwa kuwa programu hiyo huuzwa kwa makampuni na mashirika. Lakini somo lilikuwa la wote: mtambo unaorudia kuanguka waweza kuwa na mchanga mmoja tu jichoni, na mganga hang'oi jicho kwa ajili ya mchanga.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Januari 2018, Microsoft ilisimamisha kwa muda sasisho lililofanya baadhi ya kompyuta za zamani zenye chipu za AMD zisiwake. Oktoba 2018, ilisimamisha toleo jipya la Windows 10 baada ya baadhi ya watu kulalamika kwamba nyaraka zao zimefutika. Hiyo ni moja ya mara chache ambapo sasisho lenyewe liligusa mali ya mtu, nayo yatosha kuwa onyo kwa asiyeweka nakala. Na Agosti 2024, sasisho jingine liliwakatiza wengi waliokuwa wameweka Windows na Linux katika kompyuta moja. Upande wa Linux ukakataa kuamka.

HATUA KWA HATUA, BILA PUPA

Yaliyo hapa chini si siri ya mafundi. Mtu yeyote mwenye subira aweza kuyajaribu nyumbani kabla hajafika kibandani. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii usemi huo ni kanuni.

Kwanza, subiri. Ikiwa kioo chaonyesha kwamba kazi yaendelea, au chasema kwamba mabadiliko yanarudishwa, iache. Kompyuta yenye diski ya zamani yaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Taa ya diski ikipepesa, kazi ingali ikifanyika. Wengi huua mtambo katika dakika hizi kwa kuuzima.

Pili, ondoa vitu vya pembeni: flashi, printa, kadi ya kamera. Pengine serahangi anajaribu kuwasha kutoka kwenye flashi iliyosahauliwa. Kisha zima, chomoa waya, toa betri ikiwa yatoka, na ushikilie kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliosalia uishe. Rudisha, jaribu tena. Dawa hii ya bure imewaokoa wengi.

Tatu, sikiliza. Diski ya zamani ikigonga tak, tak, tak, acha hapo hapo. Usiiwashe tena na tena. Kila kuiwasha kwazidi kuichana, na sasa shughuli si ya Windows bali ya kuokoa yaliyomo.

Nne, ikiwa diski iko kimya na mtambo waanguka tu, uingize kwenye ukurasa wa matengenezo wa Windows. Ukizima kwa kitufe mara mbili tatu mfululizo wakati duara linapoanza kuzunguka, Windows hutambua kwamba imeshindwa kuamka na huufungua ukurasa huo yenyewe. Humo mna njia kadhaa, na fundi mwangalifu huzifuata kutoka iliyo nyepesi hadi iliyo nzito. Huanza na ukarabati wa kuamka. Ukishindwa, huliondoa sasisho la mwisho, kwani ukurasa huo hutoa nafasi ya kuondoa lile dogo la kila mwezi au lile kubwa la toleo jipya. Kwa kawaida toleo kubwa hurudishika katika siku kumi za mwanzo. Kisha kuna kurudisha mtambo kwenye hali ya siku iliyopita, ikiwa alama ya siku hiyo ilihifadhiwa. Na kuna hali ya usalama, ambamo draiva mbovu yaweza kung'olewa.

Tano, yote yakishindwa, mafaili yatolewe kwanza. Fundi huwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, ambayo huamka bila kuigusa Windows, huifungua diski, na kunakili kila kitu kwenye diski ya nje. Au huitoa diski yenyewe na kuiunga katika kompyuta nyingine. Baada ya mwenyewe kuona kwa macho yake kwamba nyaraka zake zimo, ndipo neno kufomati laweza kutajwa. Hata hapo, Windows ina njia ya kujipanga upya huku ikiyaacha mafaili mahali pake. Hupotea programu na mipangilio tu. Kufuta kila kitu ni hatua ya mwisho kabisa, lakini kwa wengi imekuwa ya kwanza.

UFUNGUO WA TARAKIMU 48

Liko jambo moja ambalo limewashangaza wengi katika miaka hii. Kompyuta yagoma, na badala ya kioo cha buluu chenye huzuni, yauliza ufunguo wenye tarakimu 48. Mwenyewe aapa kwamba hajawahi kuweka ufunguo wowote.

Haongopi. Kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski kwa kufuli la siri bila kumpigia kelele mwenyewe, hasa anapojiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Maadam mambo ni ya kawaida, kufuli hufunguka lenyewe. Lakini sasisho likiugusa ubao mama, au fundi akibadilisha mipangilio, mtambo huingiwa na wasiwasi kwamba huenda umeibwa, na hudai ufunguo. Aghalabu ufunguo umo ndani ya akaunti hiyo, na waweza kuonekana kwa kuifungua kwenye simu. Aliyefunguliwa akaunti na muuza duka, kwa anwani na neno la siri asilolijua, yuko matatani: bila ufunguo huo hata ile flashi ya Linux haifui dafu, na hakuna fundi wa Luthuli Avenue wala wa ng'ambo awezaye kuyatoa yaliyomo. Kwa hivyo siku ya kununua kompyuta, ijue akaunti yako, na uunakili ufunguo huo kwenye karatasi uuweke pamoja na hati za nyumba.

PICHA ZA UPANDE WA WANAWAKE

Tumefika kwenye kiini cha maneno. Kompyuta ikipelekwa kwa fundi, haiendi chuma tupu. Katika nyumba zetu, aghalabu mna picha za arusi za upande wa wanawake, zilizopigwa ukumbini ambamo mwanamume hakuingia. Mabibi na mabinti wamejipamba, vichwa wazi, wakijua kwamba wako kwao. Mna barua za ndoa na talaka, vyeti vya hospitali, na hesabu za urithi. Fundi ambaye hangeruhusiwa kupita ukumbini sasa ana chumba kizima mkononi mwake, na mwenye nyumba amekwenda zake sokoni.

Wengi wa mafundi ni watu waaminifu. Lakini uaminifu hulindwa kwa utaratibu, haulindwi kwa dhana njema peke yake. Wazee wetu waliposhindiliwa fedha au vidani kwa amana, hawakufungua bahasha kutazama kilichomo, na walivirudisha kwa idadi ile ile. Sharti hilo halikubadilika kwa sababu kilichomo ni picha ndani ya diski. Kunakili mafaili hakuhitaji kuyafungua. Fundi huona majina na ukubwa wa majalada, hulinganisha idadi, na kazi imekwisha.

Mwenyewe naye ana haki na wajibu. Aweza kuomba kukaa kando ya meza kazi ikifanyika; fundi mwenye adabu hachukii. Ajiepushe na kutoa neno la siri, na likihitajika, aliandike mwenyewe, kisha alibadilishe akifika nyumbani. Nakala zinakiliwe kwenye diski yake, siyo ya kibandani. Na zikiwa zimepitia kompyuta ya fundi, zifutwe mbele ya macho yake. Diski iliyokufa ikibadilishwa, airudi nayo nyumbani, maana iliyokufa kwa huyu yaweza kufufuliwa na yule. Nao akina mama wasione haya kumtafuta fundi mwanamke, au kumtuma mtoto wa nyumbani akakae kibandani mpaka mwisho.

Nchi nayo imeliona jambo hili. Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, ambayo yatambua kwamba habari za mtu ni zake, na si za kila azishikaye. Lakini sheria haikai kibandani mchana kutwa. Anayekaa pale ni fundi na moyo wake.

KOMPYUTA ZA MITUMBA NA TARIKI MPYA

Mashaka haya yalizidi kukaribia vibandani Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Wenye kompyuta za nyumbani walipewa nafasi ya kujiandikisha kwa mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama. Windows 11 nayo haikubali kila kompyuta: yataka chipu maalumu ya ulinzi, na kwa jumla yakubali mitambo iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2017 au 2018. Nyingi za Ex-UK ni za kabla ya hapo.

Ziko njia za kuilazimisha Windows 11 iingie katika kompyuta isiyostahili, na kompyuta zilizolazimishwa hivyo huuzwa kama mpya. Mnunuzi afurahi siku chache, kisha sasisho kubwa lakataa kuingia, au laingia na kuugomesha mtambo. Muulize muuzaji mwaka wa mtambo, na kama Windows iliyomo imekubaliwa au imelazimishwa. Kwa kompyuta ya zamani yenye kazi nyepesi, kuandika, kusoma na mtandao, Linux kama vile Ubuntu hutolewa bure na huenda nayo vizuri, mradi mwenyewe ajifunze desturi zake mpya.

KABLA YA SIKU KUFIKA

Kinga ya mambo haya si ngumu. Weka nakala ya nyaraka zako mahali pawili: diski ya nje iliyofungiwa kabatini, na pengine mtandaoni. Diski ya nje isiachwe imechomekwa daima, maana kinachoidhuru kompyuta chaweza kuidhuru nayo. Sasisho liingizwe mchana, stima ikiwapo na tokeni zikitosha, wala si usiku wa kuamkia siku ya kazi kubwa. Diski iachiwe nafasi ya kupumua. Na mwanafunzi mwenye tasnifu, au mfanyabiashara anayengoja mwezi wa Juni kupeleka hesabu zake za kodi, aiahirishe sasisho kwa siku chache, Windows yaruhusu.

Na mtambo ukigoma licha ya hayo, mchague fundi kwa swali lake la kwanza. Akikuuliza, "Ndani mna kitu unachokitaka?" basi umefika kwa mtu wa kazi. Akikuambia, "Niachie, rudi saa kumi," kabla hajaiwasha hata mara moja, chukua mzigo wako, umpe salamu, uende kibanda cha pili.

Watu wa bahari husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi lililopanda mwamba halichomwi moto ili liundwe jingine. Hushushwa shehena kwanza, kila mtu akapata mali yake, kisha mafundi wakalikagua ubao kwa ubao. Mafundi wa Eastlands walio hodari wafanya hivyo kila siku kwenye meza zao ndogo, na wanastahili wateja wanaojua kulidai jambo hilo.